Pale Rangi Isipofika

Mchoraji huweka alama pale anapotaka ionekane. Anayeifunga fulana kwa kamba kisha akaitosa kwenye rangi hufanya kinyume: hangaiko lake lote ni pale ambapo rangi isifike. Maduara na miale tunayoisifu nguo ikishaanikwa ni mahali kamba ilipokaza. Rangi yenyewe haichagui. Ikiachwa itajaza nguo nzima, na nguo iliyojaa buluu haina mengi ya kusema kuliko iliyobaki nyeupe tupu. Nimelitafakari jambo hili tangu nijifunze kazi hii kwa jirani yangu hapa Kianyaga, mama mzee ambaye sote humwita Cucu.

Watoto ndio waliotuletea kazi hii. Mtaala wa umilisi ulipoanza kutekelezwa kote nchini Kenya mwaka 2019, kufunga na kutia rangi vitambaa kulikuwa sehemu ya somo la sanaa, na kazi ya shule haikawii kufika nyumbani. Basi wazazi wa hapa hujikuta sokoni wakipekua marundo ya mitumba, wakitafuta tisheti nyeupe ya pamba. Lazima iwe pamba. Cucu huifinya kwenye kiganja: ikibaki na mikunjo anainunua, ikijinyoosha yenyewe anairudisha.

Rangi yetu ni ya jamii ambayo kampuni ya ICI ya Uingereza ilianza kuiuza mwaka 1956. Haikai juu ya uzi kama vumbi. Inaungana nao hadi vinakuwa kitu kimoja. Kinachouwezesha muungano huo ni magadi yaliyochomwa kiwandani, ndugu wa yale tunayotia kwenye maharagwe ili yaive upesi, na Kenya huyachimba katika Ziwa Magadi kule Kajiado. Muungano huo unataka joto pia. Mwezi wa Julai, ukungu unaposhuka kutoka mlimani na kulala juu ya majani chai, rangi hushika polepole mno, kwa hiyo Cucu hufunika beseni na kulilaza karibu na jiko usiku kucha.

Asubuhi moja, baada ya kusuuza na kukata kamba, aliniita nitazame kitu ambacho singekiona peke yangu. Kwenye bega na ubavuni, mishono ilikuwa myeupe. Haikuwa imefungwa popote. Uzi wa kushonea ni wa polyester, na polyester haina mahali pa kuungana na rangi ya aina hii. Ungeiloweka juma zima, ungeitoa vilevile. Kwa hiyo fulana moja ilikuwa na weupe wa namna mbili. Wa kifuani ungeweza kuwa buluu, ila ulizuiwa. Wa mishono haukuweza kamwe. Ukiitazama kwa mbali huwezi kuzitofautisha.

Mwaka 1674 mwanafalsafa Spinoza alimwandikia rafiki yake Jarig Jelles kwamba umbo la kitu si kitu kilichoongezwa juu yake. Umbo ni ukomo, ni kule kitu hicho kisikokuwa. Nilipoyasoma maneno hayo niliyakubali, na kamba ya Cucu ilionekana kuyathibitisha. Sasa naona kwamba hayatoshi. Ukomo hautuambii umetokana na nini. Mshono na duara vyote ni mahali rangi isipokuwa, lakini kimoja kina historia ya mkono uliokaza kamba, na kingine kina maumbile yake tu. Anayetafuta maana na asiulize swali hilo atasoma nguo nusu.

Na katika miteremko hii habari ya kufungwa si ya vitambaa peke yake. Baada ya hali ya hatari kutangazwa Oktoba 1952, serikali ya kikoloni ilizifunga shule huru za Wakikuyu. Mwaka 1954 ikaanza kuwahamisha watu kwa nguvu hadi vijiji vilivyozungushiwa mahandaki yenye miti iliyochongwa ncha. Watoto wa miaka ile walikua, wakazeeka, na wengine wao waliweka dole gumba kwenye karatasi pale ambapo wengine walitia sahihi. Ni rahisi kiasi gani, kwa karani kijana aliyesoma, kuuona weupe ule na kuuhesabu kuwa wa mshono! Hakuweza, anasema moyoni. Nami naamini huo ni udhalimu wa pili, mbaya karibu sawa na ule wa kwanza, kwa sababu unaitoa kamba kwenye habari na kumwachia mtu lawama ya alama iliyobaki.

Ndiyo maana simuungi mkono anayesema kwamba vifungo vya maisha hutupamba. Fulana haina maumivu. Mtu aliyenyimwa asilazimishwe kuuita unyimwaji wake ua.

Lakini kuna njia ya kutambua, na nguo inaifundisha vizuri kuliko kitabu chochote nilichosoma. Weupe wa mshono una ukingo mkali: hapa uzi, hapa buluu. Weupe wa kamba hauko hivyo. Rangi ilijaribu kupita, ikapenya kidogo chini ya mkazo, ikaacha buluu hafifu, kisha hafifu zaidi, kisha weupe. Palipozuiwa huonekana palipojaribiwa. Ukikaa na mzee asiyejua kusoma, utaukuta ukingo huo: hesabu anazozifanya kichwani bila kukosea, mipaka ya mashamba anayoikumbuka, ukali wake mjukuu anapokosa shule hata siku moja. Inataka mtu asogee karibu.

Watoto wakileta kazi zao huniuliza, hii ni picha ya nini? Walimu wao wamewazoesha swali hilo, nami silidharau. Ila ninawapa fulana mkononi na kuwaambia wafuate ukingo kwa kidole, polepole, hadi waweze kunieleza kamba ilipita wapi na ilikazwa kiasi gani.