Mbavu Zinataka Muda

Julai mjini Njombe jua likishazama, watu hujitanda mablanketi mabegani na kila anayeacha mlango wazi hugombezwa. Usiku joto hushuka chini ya nyuzi 10. Haya ndiyo majira ya mbavu za ng'ombe, na huwa nasikitika nikiona watu buchani wanazipita wakikimbilia steki.

Mbavu zina mfupa, mafuta na zile nyuzi nyeupe ngumu zinazoshikamanisha nyama. Ukizikurupusha kwa moto mkali, nyuzi hizo hukaza na nyama ikawa kama mpira. Zipe moto mdogo kwa saa tatu au nne, zitayeyuka taratibu na kuwa uteute unaonata midomoni, mchuzi ukawa mzito bila kutiwa unga. Tena Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji huchemka yakifika nyuzi 93 hivi, si 100 kama Dar es Salaam. Mgeni wa pwani anayepika kwa mazoea ya kwao ataionja nyama akidhani imeiva, kumbe bado.

Kwanza zipake chumvi, kisha zikaange chache chache mpaka kila upande ugeuke kahawia. Ukizirundika sufuriani zitatoa maji, na ladha yote iko kwenye ule ukahawia. Tia vitunguu, tangawizi, kitunguu saumu, nyanya kidogo na pilipili manga. Maji yasizizamishe, yafike nusu tu. Funika, punguza makaa, mengine palia juu ya mfuniko. Viazi vitie mwishoni.

Presha kuka italainisha mbavu hizo hizo kabla ya saa moja kupita. Siibezi. Mama aliyetoka kazini saa kumi na mbili jioni akakuta watoto wana njaa, anaihitaji. Lakini sufuria ya polepole inamlazimu mtu abaki nyumbani, na anayebaki karibu na moto hufuatwa. Mtoto huja na daftari lake, babu huvuta kigoda, na maneno yaliyokosa nafasi wiki nzima, ya ada, ya shamba, ya mgonjwa aliyeko kijijini, hapo hupata wasikilizaji.

Ila katika nyumba zetu nyingi saa hizo nne hutolewa na mwanamke mmoja, wengine wakaitwa chakula kikiwa mezani. Hilo silikubali. Anayekula subira ya mwenzake kila siku bila kuirudisha, anamdhulumu.

Kwa hiyo, baba mwenye nyumba, Jumamosi hii nenda wewe buchani mapema. Menya viazi, linda makaa. Pikia barazani, au jikoni milango na madirisha yakiwa wazi, na baada ya kula usiliingize jiko la mkaa chumbani ili mpate joto la kulalia. Gesi yake haionekani wala hainuki, na inaua.