Mkaguzi Akishaondoka



Ndugu zangu, makala hii inahusu vipande vya mpira. Binamu yangu ni fundi magari huko Leicester, Uingereza, na jirani yake amejenga gari kwa mikono yake katika banda la nyumba. Kule si ajabu. Mtu hununua fremu na bodi, injini akaitoa kwenye gari kuukuu, akaunga taratibu miezi hadi miaka. Lakini gari hilo haliingii barabarani mpaka serikali ilikague peke yake, kwa utaratibu uitwao IVA, uliochukua nafasi ya SVA mwaka 2009. Hupimwa breki, taa, moshi, kelele, vioo, mikanda. Hata saa ya mwendo: inaruhusiwa kuzidisha kidogo, ila hairuhusiwi kabisa kuonyesha mwendo mdogo kuliko ule halisi. (Wenzangu wa usul wataitambua hiyo, ni ihtiyati tupu.)

Lililonikaa moyoni ni habari ya kingo. Mkaguzi ana tufe la kipenyo cha milimita 100. Kila ukingo wa nje ambao tufe hilo linaweza kuugusa lazima uwe butu, mviringo wake uwe na nusu kipenyo kisichopungua milimita 2.5, ili mpita njia akigongwa asichanwe. Sasa wajenzi wengi hubandika mpira juu ya kingo kali na vichwa vya bolti, wakafaulu, wakapewa cheti, kisha wakirudi nyumbani wanaubandua kwa kuwa unaharibu sura ya gari. Jirani alimwomba binamu yangu amsaidie kubandua. Binamu akanitumia ujumbe wa sauti: "Wewe unayesoma sharia, hii ni dhambi au si dhambi?"

Nilimjibu upesi, kama tunavyojibu tukiwa na simu mkononi. Gari ni lake, cheti amepewa kihalali, asili ya vitu ni kuruhusiwa. Usiku sikuridhika na jibu langu.

Suala hili kwetu lina jina: hila. Imam Bukhari aliitengea kitabu kizima ndani ya Sahihi yake, na Ibn al-Qayyim aliishambulia kwa kurasa nyingi katika I'lam al-Muwaqqi'in. Sisi Mashafii tumezoea kusema kuwa mkataba huangaliwa kwa dhahiri yake, kadhi hapasui vifua vya watu. Ni kweli. Ila huo ni mpaka wa kadhi, kwa sababu haoni zaidi. Mwenye nia yake haujui mpaka huo. Watu wa Sabato waliotajwa katika Surat al-A'raf, kama wafasiri wengine wanavyoeleza, walitega kabla ya siku yao na kuvua baada yake, na siku yenyewe hawakugusa samaki. Kwa dhahiri walifaulu ukaguzi.

Si kila njia ya pembeni ni hila mbaya, hata hivyo. Gari la Lotus Seven, lililotoka mwaka 1957, liliuzwa kwa vipande kwa sababu sheria ya kodi ya wakati ule haikutoza gari ambalo mnunuzi analiunganisha mwenyewe. Mlango huo sheria yenyewe iliuacha wazi, na aliyepita hapo hakumchana mtu. Mpira ni habari nyingine. Kanuni ile iliwekwa kwa ajili ya nyama ya mtu wa tatu, ambaye hayupo bandani wala hakuulizwa. Hiyo ni haki ya mja, na mkaguzi hawezi kuisamehe kwa niaba yake, sembuse kwa kuondoka tu.

Binamu alinipinga, na hoja yake ina uzito. Magari ya zamani yana kingo kali kuliko hizo na yanatembea kihalali. Kwa nini huyu abanwe? Nilichelewa kumjibu siku mbili. Nadhani tofauti ni hii: mwenye gari la zamani hakumwambia mtu kwamba kingo zake ni butu. Huyu amesema, na serikali imemwekea muhuri maneno yake. Milimita zinaweza kuwa jambo dogo. Ghishi si jambo dogo.

Nilipofika hapo nikanyamaza, maana nilijiona mimi. Mwaka jana nilihifadhi juzuu ya 29 kwa ajili ya mtihani. Ustadhi alinisikiliza, akaridhika, akaniandikia alama nzuri. Wiki iliyofuata sikuifungua tena. Ramadhani ilipofika nikatangulizwa kuswalisha tarawehe bwenini kwetu, kwa kuwa inajulikana nimehifadhi. Katika Surat al-Qalam nilikwama. Kijana wa mwaka wa kwanza alinisahihisha kutoka safu ya nyuma mara tatu, kwa sauti ya adabu, na nilitamani sakafu ifunguke. Mpira wangu ulishabanduliwa siku nyingi, na waliosimama nyuma yangu walikuwa wameamini cheti.

Nilimwambia binamu asishike bisibisi kwa kazi ile. Lakini pia asimwache jirani na hukumu mkononi tu: fundi anaweza kukunja ukingo wa bati ukaviringika, na kuna nati za kofia zinazofunika ncha ya bolti, na gari likabaki zuri. Jirani amekubali kwa upande wa mbele. Nyuma amebandua mwenyewe, Jumapili, binamu akiwa kazini.

Mimi kila baada ya alfajiri ninamsomea yule kijana wa mwaka wa kwanza. Tumefika al-Haqqah. Ni mkali kuliko ustadhi.