Mchana wa Mstaafu

Yuko mzee mmoja usharikani kwetu, mtumishi wa umma mstaafu, ambaye husubiri hadi saa nne asubuhi, watu wakishaingia maofisini, ndipo apande basi la mwendokasi pale Kimara kwenda Kivukoni. Mjini hana shughuli. Ukimuuliza anafuata nini, hujibu kwamba anakwenda kuwasalimu watu. Mabasi hayo yalipoanza mwaka 2016 alikuwa bado kazini, naye husema alipita Manzese, Magomeni na Jangwani kila siku bila kuziona, maana macho yalikuwa kwenye saa.

Akishuka Kivukoni, siku nyingine huvuka kwa pantoni hadi Kigamboni na kurudi, kwa raha ya upepo tu. Mchana ukifika huenda kwa mama lishe karibu na soko la samaki la Feri, akaagiza ugali na changu wa kukaanga, akakaa kwenye benchi na yeyote aliyetangulia.

Wapo wanaouita huo uvivu. Sisi wachungaji nasi hatuna subira: mtu akistaafu leo, kesho tumemwingiza kamati ya ujenzi. Lakini je, muda unaotolewa kwa mtu aliyeketi karibu nawe, bila kumtaka chochote, si utumishi pia?

Siku moja, kwenye benchi lile la mama lishe, alikuja kuketi mwenzake wa zamani wa kazi wa mzee huyo. Waliachana vibaya. Barua moja ya mwenzake huyo, ya kupinga mzee asipandishwe cheo, ilikuwa imewatenga miaka mingi. Mzee akasogea, akamwachia nafasi. Akamuuliza habari ya miguu, kwa kuwa alimwona anachechemea. Wakala. Habari ya barua haikutajwa siku ile, wala mzee hakuitafutia mlango. Wiki iliyofuata walikutana tena hapo hapo, na aliyeitaja ni yule mwenzake, mwenyewe, samaki akiwa bado hajaletwa.

Nimelifikiria hilo sana. Tunapokosana na ndugu, mara nyingi tunangoja kikao, mashahidi na maneno ya kupima. Vikao vina mahali pake, na yako makosa ambayo hayawezi kupita bila kusemwa. Hata hivyo, ni wangapi tungewasamehe mapema zaidi kama tungekuwa na nafasi ya kula nao polepole?

Luka, katika sura ya 24, anasimulia safari ya wanafunzi wawili kutoka Yerusalemu kwenda Emau, sitadia 60, kama kilomita 11. Bwana alitembea nao akiwafafanulia Maandiko, na bado hawakumtambua. Walimsihi akae nao kwa sababu jua lilikuwa linatua. Alipoumega mkate mezani, ndipo macho yao yalipofumbuka. Saa ile ile wakainuka wakarudi mjini, njia ile ile ya mbali. Wasingemkaribisha yule mgeni mezani, wangemjua lini?

Nawe mpendwa, kuna mtu ambaye hujala naye siku nyingi? Huenda nauli ya kumfikia si kubwa. Usimwendee na hotuba uliyoiandaa usiku kucha. Muulize angependa kula nini, kisha mwache ajibu kwa nafasi yake.