Habari Isiyo na Isnadi

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Amma baad.

Ndugu zetu Waislamu, twaanza waraka huu kwa kukiri kosa letu. Katika darsa yetu ya baada ya Magharibi tuliwasikilizisha wanafunzi sauti iliyotufikia kwa simu. Ilikuwa ni sauti ya mwanachuoni aliyekwisha kufariki, tuliyemjua na kumpenda, akiwatoa katika Uislamu jirani zetu wasomao maulidi. Waliohudhuria wakaichukua wakaitia mjini. Haikupita wiki ila watu wa mtaa mmoja walikuwa hawaitikiani salamu.

Kisha mtoto wa marehemu akatujia, akatwambia kwa upole: “Masheikh zangu, humo ndani ametajwa msikiti uliofunguliwa mwaka jana. Baba yangu yuko kaburini huu mwaka wa tatu.” Tukainamisha vichwa. Sauti ile ilikuwa imeundwa kwa kompyuta. Nasi, tusomeshao watu elimu ya Hadithi, hatukuuliza hata mara moja imetoka kwa nani. Tuliipokea kwa sababu iliafiki rai yetu juu ya maulidi. Rai ni kitu kimoja, na kumkufurisha Muislamu kwa ulimi wa maiti ni kitu kingine.

Jambo hili ndilo liitwalo dipufeki. Mashine hulishwa picha na sauti za mtu, ikajifunza sura yake, mwendo wa midomo yake na lafudhi yake, kisha ikamtamkisha neno asilolisema na kumwonyesha akitenda asilolitenda. Mwaka 2023 kampuni ya Microsoft ilitangaza chombo kinachotosheka na sekunde 3 tu za sauti ya mtu kuweza kumwigiza. Na ni nani kati yetu ambaye sauti yake haijapita katika simu kwa sekunde 3? Wako wasemao kwamba bandia hujulikana kwa vidole vilivyopinda au midomo isiyokwenda na maneno. Hiyo si kinga ya kutegemewa, kwani aibu hizo huzidi kusitirika kila mwaka.

Basi kinga iko wapi? Twasema, tunayo tangu zamani. Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Suratul Hujurat, aya ya 6, kwamba mpotovu akituletea habari tuichunguze, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Na katika Suratul Israa, aya ya 36, ametukataza kufuata tusilolijua, akatujulisha kuwa sikio, jicho na moyo vyote vitaulizwa. Kwa ajili hiyo wanachuoni wetu, kina Imamu Bukhari na Imamu Muslim, hawakutosheka na uzuri wa maneno. Waliuliza: Nani amepokea? Kwa nani? Je, walikutana? Ni mkweli? Habari iliyokatika isnadi yake hawakuihesabu kuwa sahihi, hata ikiwa tamu vipi.

Tazameni yaliyotokea Hong Kong, na polisi wa huko wakayatangaza mwaka 2024. Mtumishi wa kampuni kubwa alipata barua ya kumwamrisha atoe pesa kwa siri, naye akaitilia shaka. Ndipo akaitwa katika mkutano wa video, akamwona mkubwa wake wa fedha na wenzake wengine wakizungumza, shaka ikamtoka. Akalipa mara 15, jumla dola milioni 200 za Hong Kong, yaani kiasi cha dola milioni 25 za Kimarekani. Wote aliowaona walikuwa bandia. Aliyagundua hayo alipouliza makao makuu. Lau angaliuliza kabla ya kulipa, pesa zingalisalimika.

Lakini pesa hurudi, na heshima ya mtu ikivunjika huenda isirudi. Kumbukeni Bibi Aisha, Mungu amwie radhi, alivyozuliwa uwongo katika kisa cha Ifki. Waliouzua ni wanafiki, lakini walioutembeza walikuwamo na waumini. Muda wa kiasi cha mwezi mji wa Madina ulinong’ona, hata ikateremka Suratun Nur kumtakasa na kuwalaumu walioupokea kwa ndimi wakidhani ni jambo jepesi. Abu Ayyub na mkewe hawakuutembeza. Walijipima nafsi zao, wakasema Aisha ni bora kuliko wao, wakanyamaza. Leo binti wa watu aweza kuundiwa picha ya uchi usiku, na asubuhi posa yake ikavunjika. Aliyeiunda ni mmoja, na walioitembeza ni mji mzima. Mwenyezi Mungu ametaka mashahidi 4 kwa tuhuma kama hii. Je, simu ni shahidi wa ngapi?

Kwa hivyo ni juu yetu mambo haya. Ukipigiwa simu kwa sauti ya mwanao aliyeko Uarabuni, akilia na kutaka pesa upesi, ikate, kisha mpigie wewe kwa nambari yake unayoijua. Wekeni nyumbani neno la siri la kutambuana, wala msiliandike simuni. Ikikufikia picha ya kumfedhehesha Muislamu, na ife mkononi mwako. Usimpelekee mtu hata kwa kuuliza kama ni kweli. Ikikufikia fatwa, muulize mwenyewe, au wanafunzi wake na watu wake: aliisema wapi, na lini, na darsa nzima iko wapi? Na aliyeghushiwa asijifungie ndani kwa haya. Na ahifadhi ushahidi, awaambie wazee wake, ashitaki. Sheria ya Kenya ya mwaka 2018 ina vifungu juu ya kughushi kwa kompyuta na juu ya kutembeza picha za utupu.

Wala haya yasiwe kichaka cha dhalimu, kila akionyeshwa ubaya wake akasema ni bandia. Kuchunguza si kukanusha. Kuchunguza ni kutafuta haki, iwe yetu au iwe juu yetu.

Ama sisi, toba ya haki za watu haitimii ila kwa kurudisha. Tumekwenda kwa watu wa marehemu tukaomba radhi, na kwa jirani zetu pia. Na kila aliyeichukua sauti ile kutoka darsani kwetu, twamuomba aende kwa yule yule aliyempelekea, amwambie ni uwongo, kama alivyofanya haraka kuieneza.

Ewe Mola wetu, tulinde masikio yetu, macho yetu na ndimi zetu, na utusitiri sisi na watoto wetu. Amin. Wabillahi tawfiq.