Nauli ya mama haikuwamo kwenye hesabu

MWISHONI mwa mwaka 2022, baada ya mnada wa korosho, familia yetu ilikaa kikao nyumbani Chiwata, wilayani Masasi. Ajenda ilikuwa moja tu. Mama yetu, ambaye ni mjane, alitaka kwenda Khartoum, Sudan, kumtembelea mdogo wangu aliyekuwa akisoma huko mwaka wa tatu. Hakutoa sababu ndefu. Alisema: "Nataka nione anapolala."

Mimi ndiye mtoto wa kwanza. Naishi Dar es Salaam, na ndiye niliyetakiwa kufuatana naye kama mahram wake. Kwa hiyo nilifika kikaoni na karatasi ya hesabu. Nauli ya ndege kwa watu wawili, viza na matumizi ya siku kumi vilipita shilingi milioni tatu na nusu. Kwa bei ya msimu ule, ambayo haikuwa ya kuringia, hiyo ni karibu tani mbili za korosho. Ukishatoa palizi, salfa na makato ya chama cha msingi, ni karibu mavuno yote ya shamba alilotuachia marehemu baba. Upande wa pili wa karatasi niliandika ada ya dada yetu, ambaye alikuwa akisoma chuo cha uuguzi.

Sikuishia kwenye hesabu, nikaleta na dalili. Nikawakumbusha Suratul Israa, aya ya 26 na 27, ambapo Mwenyezi Mungu (S.W) anakataza ubadhirifu na kuwaita wabadhirifu ndugu wa mashetani. Nikaleta na Hadithi mashuhuri ya Nuuman bin Bashir (R.A), ambaye baba yake alimpa zawadi, kisha akaenda kumshuhudisha Mtume (S.A.W). Mtume akamuuliza kama amewapa watoto wake wote mfano wa hicho. Alipojibu kuwa hapana, Mtume akaamrisha watu wamche Mungu na wafanye uadilifu baina ya watoto wao. Nikauliza kikao: huyu wa Khartoum keshalipiwa kila kitu, je, ni uadilifu ale na ada ya dada yake ili tu atembelewe?

Mama akanyamaza. Nikamwambia kwa upole, "Mama, si unamwona kwenye simu kila Ijumaa?" Kwetu Masasi na Newala, mjomba ndiye mwenye kauli kubwa juu ya watoto wa dada yake. Mjomba akaniangalia, akasema, "Hesabu ya mpwa wangu haina kosa." Kikao kikafungwa kwa dua. Safari ikaahirishwa hadi msimu mwingine.

Tarehe 15 Aprili 2023, katika kumi la mwisho la Ramadhani, vita ikalipuka Khartoum kati ya jeshi la Sudan na kikosi cha RSF. Uwanja wa ndege wa Khartoum ukawa miongoni mwa sehemu za mwanzo kushambuliwa, na safari za ndege zikasimama. Wanafunzi wa Kitanzania waliokuwa mjini humo walijikuta katikati ya risasi, bila umeme na bila maji. Simu ya mdogo wangu ikawa haipatikani.

Nilipanda basi kwenda Chiwata kukaa na mama. Nilidhani nitamkuta analia. Nilimkuta amekaa juu ya msala na tasbihi mkononi. Nikamfariji kwa kumwambia kuwa taarifa tulizopata ni kwamba wanafunzi wametakiwa kubaki vyumbani mwao. Akaniuliza: "Chumba gani?" Nikashindwa kujibu, kwa sababu na mimi sikijui. Akasema, "Namwombea, lakini nikifumba macho simwoni yuko wapi. Namwona hapa hapa Chiwata, chini ya mkorosho, akiwa mtoto."

Alhamdulillah, kijana alitoka salama. Walipita nchi kavu hadi Ethiopia, na kabla mwezi Aprili haujaisha alikuwa amefika nyumbani. Mama nilimleta Dar es Salaam, akampokea uwanja wa ndege. Huo ndio wakati alipomwona mwanawe kwa mara ya kwanza baada ya miaka mitatu. Akampapasa mabega kama anayepima kitu sokoni, akasema, "Wewe ulikuwa unaumwa, na hukutuambia."

Kweli alikuwa ameumwa. Miezi michache kabla ya vita alilala kitandani siku tisa kwa malaria. Waliomfulia nguo na kumpikia uji ni wanafunzi wenzake, mmoja Mganda na mwingine kutoka Komoro. Ijumaa ya wiki ile tulimpigia simu kama kawaida, na alipoulizwa hali alijibu: "Alhamdulillah."

Ndugu zangu Waislamu, nimekaa na jambo hili muda mrefu, nikijiuliza kama nilikosea. Wapo watakaosema haraka kuwa nilikosea. Mimi sioni kama jambo ni jepesi kiasi hicho. Mama angekwenda Januari 2023, vita ingetokea vilevile mwezi Aprili. Ile fedha haikupotea. Ilimsomesha binti, na leo anahudumia wagonjwa. Na dalili nilizozitoa ni dalili sahihi. Aya ni aya na Hadithi ni Hadithi.

Basi kosa liko wapi? Naona kosa liko pale nilipoiweka safari ya mama. Niliiweka kwenye fungu la anasa, pamoja na mambo ambayo mtu anayafanya akipata na anayaacha akikosa. Kisha nikaipambanisha na ada, ambayo ni haja. Katika pambano la namna hiyo anasa lazima ishindwe, na ni haki yake ishindwe. Lakini nani alisema kumtembelea mtoto uliyempeleka mbali ni anasa?

Tuangalie kwa Mitume. Imamu Bukhari amepokea kutoka kwa Ibn Abbas (R.A) kisa kirefu cha Nabii Ibrahim (A.S), aliyemwacha mwanawe Ismail na mama yake Hajar katika bonde la Makka kwa amri ya Mola wake. Ismail alikulia ugenini, akajifunza Kiarabu kwa watu wa Jurhum, akaoa kwao. Na Ibrahim alifunga safari kutoka Sham kuja kumwangalia. Mara ya kwanza hakumkuta. Akamuuliza mke wake juu ya maisha yao, mwanamke akalalamika. Akaacha ujumbe kuwa Ismail abadilishe kizingiti cha mlango wake, naye Ismail akafahamu makusudio, akamwacha mwanamke yule. Mara ya pili pia hakumkuta, akamkuta mke mwingine. Akauliza wanaishi vipi, wanakula nini, wanakunywa nini. Huyu alimshukuru Mungu, akajibu kuwa wanakula nyama na kunywa maji. Ibrahim akawaombea baraka katika hivyo viwili, akaacha ujumbe kizingiti kiimarishwe. Mara ya tatu ndipo alipomkuta Ismail mwenyewe, chini ya mti karibu na Zamzam, akichonga mishale. Na baada ya kukumbatiana, Ibrahim akamweleza amri ya kujenga Nyumba. Kwa maana hiyo, Al-Kaaba tunayoielekea mara tano kwa siku ilijengwa katika ziyara ya mzazi kwa mwanawe aliye mbali.

Tuzingatie maswali ya Ibrahim. Aliuliza chakula na kinywaji. Hakuja kupeleleza, kwani kupelelezana kumekatazwa katika Suratul Hujuraat, aya ya 12. Alikuja kuijua hali halisi ili aombe dua inayolingana nayo na atoe nasaha inayofaa. Tena mke wa pili alimhimidi Mungu, neno lile lile la mdogo wangu kwenye simu. Kwa yule mama lilikuwa shukrani, na Ibrahim alikuwa amesimama mlangoni, akiona nyumba na msemaji. Kwa mdogo wangu, Ijumaa ile, neno hilo lilikuwa pazia. Alilishusha ili tusione kitanda. Sisi tuliokuwa Chiwata na Dar es Salaam hatukuwa na njia ya kutofautisha.

Simpi lawama. Mtoto aliyesomeshwa kwa korosho za mama mjane anaona haya kusema anaumwa. Kila mwanafunzi aliye ugenini analijua hilo. Anajua kuwa akilalamika, nyumbani watauza kitu. Basi anaficha, na simu inamsaidia kuficha, maana inaonyesha uso tu, tena kwa saa aliyoichagua yeye.

Wapo watakaosema: maskini afanye nini? Swali hili ni la haki. Jibu lake lipo kwa Nabii Yaaqub (A.S). Yeye hakujua mwanawe yuko wapi, hakuwa na njia ya kumfikia, na Qur'an inatueleza kuwa macho yake yaligeuka meupe kwa huzuni. Hakulaumiwa kwa kutokwenda. Alishikamana na subira njema, na njia ilipofunguka, Yusuf (A.S) akiwa Misri, mzee huyo alisafiri na jamaa yake yote kwenda kumwona. Asiyeweza ana udhuru. Tunaozungumza nao hapa ni wale wanaoweza, lakini jambo hilo halimo kabisa katika fikra zao.

Na hapa niseme na sisi wa mijini. Wapo wenzetu wenye watoto Uturuki, Malaysia au Uingereza ambao nauli kwao si tatizo. Wengine miaka minne inapita hawajakanyaga alipo mtoto, mpaka siku ya mahafali, siku ya joho na picha. Wengine wanakwenda, lakini safari inakuwa ya maduka. Siku saba zote mtoto anawabebea mifuko na kuwatafsiria bei, na wanarudi bila kujua msikiti anaoswali ni upi, rafiki zake ni akina nani, wala usiku analala saa ngapi. Kisha akirudi na itikadi wasiyoitambua, au asiporudi kabisa, tunakaa barazani kulaumu nchi za watu.

Nirudi kwenye Hadithi ya Nuuman, maana ndiyo niliyoshindia kikao. Nilifahamu uadilifu kuwa ni kumpa kila mtoto fedha sawa. Lakini mtoto anayelala nyumbani kila siku anatazamwa bure. Mama anamwona akila, anamsikia akikohoa. Aliye mbali hapati hilo mpaka litolewe gharama. Kumtazama naye ni kumpa alichokwishapewa mwenzake. Isitoshe, nilisema kwa niaba ya dada yangu bila kumuuliza. Nilipokuja kumuuliza baada ya vita, alinijibu: "Kaka, mngeniuliza, ningesubiri muhula mmoja." Sijui kama ingekuwa sahihi kumsubirisha. Najua kwamba nilijipa uwakala ambao hakunipa.

Kwa hiyo rai yangu ni hii. Ziyara ihesabiwe siku ile ile ya kumpeleka mtoto. Tunapokaa vikao vya kumchangia kijana aliyepata nafasi Madina, Cairo au kwingineko, tunaandika pasipoti, nauli, nguo, hata sanduku. Tuandike na mstari mmoja zaidi: nani atakwenda kumwona, mwaka gani, kwa fedha ipi. Mstari huo ukiandikwa mapema, hautagombana na ada ya mtu. Ukiachwa, utakuja baadaye ukiwa umechelewa, uvae sura ya anasa, na mtoto mwenye karatasi kama mimi atauangusha kwa aya na Hadithi. Na familia ikiona mstari huo hauwezekani kabisa, basi ijiulize vizuri kama kuna chuo kilicho karibu zaidi kinachotoa elimu ile ile.

Sisi ilitubidi tujiulize hivyo. Mwaka 2024 mdogo wangu alipata nafasi ya kuendelea na masomo Mbale, Uganda, kwenye Chuo Kikuu cha Kiislamu kilichofunguliwa mwaka 1988. Tulikaa tena kikao Chiwata. Nikasoma hesabu yangu, safari hii fupi zaidi, maana Mbale panafikika kwa basi. Nilipomaliza, mjomba akauliza: "Nauli ya mama yake iko wapi?" Nikaongeza mstari.

Msimu ule minada ilifunguliwa mwezi Oktoba kwa bei iliyopita shilingi elfu nne kwa kilo, na mwezi Novemba tukasafiri, mama na mimi, kupitia Nairobi na Malaba. Mama alibeba korosho za kubangua na unga wa muhogo, nami nikamwambia Uganda kuna muhogo tele. Hakunijibu.

Tulifika jioni. Kijana amepanga chumba nje ya chuo, kina dirisha moja. Mama aliingia, akakaa kitandani, akabonyeza godoro kwa kiganja. Akaangalia chandarua kilichotoboka pembeni, akaomba sindano na uzi. Alishona mpaka ikaadhiniwa Magharibi. Hakuuliza lolote juu ya mitihani.

Siku hizi kijana akisema "Alhamdulillah" kwenye simu, mama anamuuliza kama lile dirisha bado linapitisha mvua.

Wallahu a'alam.