Nia Njema na Deni la Kuona

Ukristo na Uislamu, dini zenye waumini wengi katika wilaya ya Kasese, magharibi mwa Uganda, zinafundisha kwamba Mungu huutazama moyo wa mtenda kabla ya tendo lenyewe. Fundisho hilo humfariji mhudumu aliyejitahidi akashindwa. Hata hivyo linaacha swali: je, nia njema inatosha kwa anayemchoma sindano mtoto asiyeweza kukubali wala kukataa? Nashikilia kwamba nia haijakamilika mpaka iambatane na juhudi ya kujua. Anayemtakia mtoto heri hutaka pia kuona sindano inakokwenda. Njia ya kuona ikishapatikana duniani, kuikosa si bahati mbaya tu. Kuna mtu anayedaiwa.

Tuchukue mfano wa mrija unaoingizwa kwenye vena kuu ya shingo, pale mtoto anapohitaji dawa kali au mishipa ya mikono inapokosekana. Kwa miaka mingi daktari alipapasa misuli ya shingo, akahisi mapigo ya ateri, kisha akakisia vena ilipo. Kwa mtoto mchanga vena hiyo ina upana wa milimita chache, imelala ubavuni mwa ateri, na mwili ukiishiwa maji hunywea. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 1999 ulihusu watoto wa chini ya mwaka mmoja waliofanyiwa upasuaji wa moyo. Pale madaktari walipoongozwa na picha za ultrasaundi, mrija uliingia kwa watoto wote 43. Kwa kupapasa uliingia kwa 40 kati ya 52, na 13 wakachomwa ateri. Watoto wote hao walikuwa mikononi mwa watu waliowatakia mema. Kilichotofautiana ni kuona.

Pingamizi zito linatoka wodini: huko Bwera na kwingineko Kasese, mtoto huletwa na malaria kali, damu imemwishia, na anahitaji oksijeni na damu kabla ya mrija wa shingoni. Ni kweli, na hoja yangu inalikubali, kwa kuwa kuona kunaanza na kuuliza kama tendo lenyewe linafaa. Jaribio la FEAST, lililofanyika Uganda, Kenya na Tanzania kwa watoto 3,141 wenye homa kali na dalili za mshtuko, lilionyesha mwaka 2011 kwamba kuwamiminia maji mengi mshipani kwa haraka kuliongeza vifo: takriban asilimia 10.5 walifariki ndani ya saa 48, dhidi ya 7.3 kwa wasiomiminiwa. Desturi ile ilitoka kwenye huruma, na huruma haikuwaokoa. Aidha, kila mchomo unaokosea una gharama kwa mhudumu pia. Juni 2019, mtoto wa miaka mitano mwenye Ebola aliyevuka kutoka Kongo alipelekwa hospitali ya Kagando, kisha kituo cha Ebola cha Bwera alikofariki. Katika wodi ya namna hiyo, ambamo damu ya mgonjwa inaweza kuambukiza, sindano isiyo ya lazima ni hatari kwa anayeishika.

Wengine watasema uhai na mauti ni kudura ya Mungu. Ni imani ninayoiheshimu, lakini kudura haimwondolei mtu wajibu wa kutumia macho aliyopewa. Mkulima anayemtegemea Mungu bado hupalilia. Wengine watataja fedha. Hospitali nyingi za wilaya zina mashine ya ultrasaundi ya kupimia mimba. Kwa mishipa ya mtoto, kinachohitajika ni kichwa kingine cha mashine, chenye mawimbi ya masafa ya juu, pamoja na mafunzo na umeme wa kutegemewa. Kwa hiyo lawama isimwangukie muuguzi anayefanya kazi usiku kwa alichonacho. Nia yake imetimia. Wanaopanga bajeti, wanaotoa misaada na wanaofundisha madaktari ndio ambao nia yao bado ina deni, na deni hilo hulipwa kwa vifaa na maarifa, kwani sala peke yake haimwonyeshi daktari vena ya mtoto.