Mdomo Wake, Daftari la Mwenzake

Tunajua. Hilo lisemwe kwanza, maana hakuna hata mmoja wetu atakayeruka na kudai hakuambiwa. Prodyuza anajua, kwa kuwa yeye ndiye aliyempigia simu mwandishi usiku wa manane: njoo, bosi yupo studio na hana kitu. Meneja anajua, kwa kuwa ndiye aliyelipa taslimu, bila karatasi, akamwambia na la kusema akiulizwa. Mtangazaji wa redio anajua, na bado asubuhi anamkaribisha rapa na kumuuliza kwa unyenyekevu mistari mizito namna hiyo huwa anaitoa wapi. Na sisi tunaosikiliza ndani ya daladala tunajua pia. Mtu ambaye juzi alipewa kipaza sauti achane mitindo huru akaishia kutaja jina lake na la mtaa wake, leo anashusha vesi tatu zenye vina vya kati na vya mwisho, na mafumbo ya kutegua kwa siku mbili. Tunatazamana, tunacheka, tunamwambia kondakta aongeze sauti. Akitokea mmoja wa kuguna, tunamnyamazisha: ndiyo biashara ya muziki hiyo, wote wanaandikiwa.

Biashara gani inayouza jasho la mtu na kumzika mwenye jasho akiwa hai?

Nimewahi kukaa katika chumba cha kurekodia hapa Dar es Salaam, vesi moja ikiingizwa. Aliyeiandika alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, amepakata kaunta buku lililolegea mgongo. Vesi ilimhusu mama: kikaango chake cha vitumbua, sarafu alizozifunga kwenye pindo la khanga, na siku jirani alipokuja shuleni kumchukua mtoto katikati ya kipindi bila kumwambia kwa nini. Mama huyo alikuwa wa kijana yule. Amezikwa. Lakini kijana alikaa nje, kwenye benchi, na nyuma ya kioo alisimama mwenye jina, akisoma maneno yale kwenye simu, akikosea, akirudia. Alipofika kwenye pindo la khanga alivuta pumzi mahali pasipo pake, mstari ukakatika vibaya. Nikamwona kijana kule benchini midomo ikimcheza, anamfuatishia neno kwa neno kupitia kioo, asisikike.

Wiki chache baadaye nilimsikia mwenye jina redioni. Alisema aliandika vesi ile usiku mmoja, peke yake, huku akilia. Mama yake mzazi yu hai.

Kijana alilipwa fedha za kutosha kodi ya chumba kwa mwezi mmoja. Ameniomba nisimtaje, kwa sababu akitajwa hataitwa tena. Kwa hiyo hata mimi ninayekemea nimeingia katika njama hii, naandika habari ya mtu asiye na jina.

Tumefikaje hapa? Muziki huu ulipoota kwetu mwanzoni mwa miaka ya 1990, wazazi waliuita uhuni, na vijana waliuteteaje? Walisema: sikilizeni tunachosema, haya ni maisha yetu. Hiyo ndiyo ilikuwa hoja, na hawakuwa na nyingine. Hawakuwa na ala, wengi hawakuwa na sauti ya kuimba, walikuwa na neno lao na kifua cha kulibeba. Rapa Sugu alisimama juu ya neno hilo hadi watu wa Mbeya Mjini wakamtuma bungeni mwaka 2010. Rapa mwenzake, Profesa Jay, akatumwa na watu wa Mikumi mwaka 2015. Wapiga kura wale walikuwa wamewasikiliza kwa miaka mingi, wakaamini kwamba yanayotoka mdomoni yametoka moyoni. Wangejipanga foleni juani kwa ajili ya mtu aliyeazimwa ulimi? Profesa Jay huyo huyo ndiye aliyetuchorea, katika "Ndio Mzee", mgombea mwenye ahadi za uongo na umati unaomwitikia kwa furaha. Tulicheka sana mwaka ule wa 2001. Tulidhani umati ule ni watu wengine.

Umati ni sisi. Rapa anapanda jukwaani, anasema ameandika mwenyewe, nasi tunaitikia.

Najua utetezi uliopo, nimeusikia hadi masikio yamechoka. Mnasema muziki ni kazi ya wengi, na hata taarabu mtunzi ni mmoja na mwimbaji ni mwingine. Kweli kabisa. Mombasa, Ustadh Ahmad Nassir alitunga mashairi na binamu yake Juma Bhalo akayaimba, na pwani nzima ilijua lipi la nani. Mtunzi aliheshimiwa kwa utunzi, mwimbaji kwa koo lake, na hakuna aliyemficha mwenziwe chini ya jamvi. Mnasema hata Marekani wanaandikiana. Wanaandikiana, naam. Jay-Z ndiye aliyemwandikia Dr. Dre "Still D.R.E." mwaka 1999, na jina lake la kuzaliwa limo katika orodha ya watunzi wa wimbo huo. Dre hakupungua kitu. Basi mfano mnaoukimbilia ndio unaowahukumu, kwa sababu wale walitajwa, na ninyi mnachoiga ni kuandikiwa tu, kutaja mmekuacha.

Na kama mnataka mfano wa Marekani unaowafaa, upo, nao ni wa mwanzoni kabisa. Mwaka 1979 ilitoka "Rapper's Delight" ya Sugarhill Gang, wimbo ulioifikisha rapu masikioni mwa dunia. Mmoja wao, Big Bank Hank, alikuwa akifanya kazi katika duka la piza huko New Jersey alipochukuliwa kurekodi. Mistari aliyoingia nayo ilitoka kwenye daftari la Grandmaster Caz, kijana wa Bronx. Aliichukua nzima nzima, hata pale Caz alipojitaja kwa herufi za jina lake la usanii, Hank akazitamka vilevile kama zilivyo. Jina la mwenye mali limo ndani ya wimbo hadi leo, linapigwa kwenye harusi na viwanjani, lakini hakuandikwa kuwa mtunzi. Hank alifariki mwaka 2014. Miaka thelathini na mitano ilikuwapo ya kurudisha kile daftari lilichotoa.

Hapa kwetu hatuwezi hata kusema sheria haipo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inampa mtunzi haki ya kutambuliwa kuwa mtunzi, mbali na haki ya kula matunda ya kazi yake. COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ipo. Kinachokosekana ni mtu wa kufika pale na kusema hii ni yangu, kwa kuwa anajua kesho yake studio zote za mjini zitamfungia milango, na sisi mashabiki tutamvaa mitandaoni kwa matusi, tumwite mwenye wivu, mtafuta kiki, chawa aliyenyimwa.

Tena ni sisi hawa hawa! Mwanafunzi wa kidato cha nne akikamatwa na karatasi ya kuibia, Baraza la Mitihani linamfutia matokeo, na mtaa mzima unasema amejitakia. Mwenye shahada ya kununua tunamnyooshea kidole. Diwani akisoma hotuba asiyoielewa tunamrekodi na kumsambaza. Lakini rapa akisimama juu ya mgongo wa mwenzake na kuapa kwamba ni urefu wake, tunampa tuzo ya mwandishi bora wa mashairi. Ya mwandishi! Waandaaji wa tuzo, hamkuuliza? Waandishi wa magazeti, na mimi nikiwemo, tulipomhoji juu ya safari yake ya utunzi, tuliogopa nini? Kukosa mwaliko wa uzinduzi wa albamu ijayo?

Nawe unayeandika gizani, sikuachi. Najua njaa, najua kodi ya nyumba haingoji. Lakini kila unapopokea fedha ya kunyamaza unamfundisha mdogo wako wa mtaani, yule anayeandika sasa hivi ukutani kwa mkaa, kwamba neno halina mwenyewe, lina mnunuzi. Uza mistari kama ni lazima, ni kazi ya mikono yako. Jina usiliuze. Dai liandikwe, hata kwa herufi ndogo, hata mwisho kabisa.

Na ninyi wenye majina kwenye mabango, sijawaomba mwache kuandikiwa. Nimewaomba jambo linalochukua nusu dakika. Jumamosi hii mtapanda jukwaani, taa zitawashwa, umati utajua kila neno. Kabla biti haijaanza, tajeni aliyeandika. Kijana yule huja kwenye maonyesho, hulipa kiingilio kama watu wengine na kusimama nyuma karibu na geti. Atasikia.